Gurudumu Lililokataa Kusimama

Wahenga walipokitazama chombo kikikata maji bila kusitasita, hawakukishangaa chombo peke yake. Walimkumbuka pia yule aliyekaa juani akichonga, akiziba na kuunganisha mbao. Ndipo wakatuachia neno: ukiona vyaelea, vimeundwa. Maana yake ni kwamba kila kinachokwenda kwa wepesi kina jasho la mtu ndani yake. Lakini methali ni kama dawa chungu: kila mtu huijua, wachache huinywa. Dereva mmoja wa lori aliinywa hadharani, tena akiwa amelala ndani ya ua wa michongoma.

Dereva huyo watu walimwita Tingatinga. Alikuwa pande la mtu, mabega kama milango miwili, na inasemekana kwamba akishika spana, nati hujifungua zenyewe kwa hofu. Mdogo wake wa kike alikuwa mshona nguo, mwembamba kama uzi, mwenye subira ya jiwe la kisimani. Marehemu baba yao alikuwa tarishi wa posta. Aliwaachia nyumba, na stoo yenye baiskeli mbili nyeusi za kizamani: moja yake, nyingine ya marehemu mama yao. Zilikuwa pacha kwa umbo na pacha kwa kutu. Buibui walikuwa wamejenga mtaa mzima kwenye spoku, zile nyuzi za chuma zinazoshikilia gurudumu.

Sasa, marehemu hakuwa peke yake katika mapenzi ya baiskeli. Mtaani palikuwa na kundi la wapenzi wa baiskeli kongwe. Kila mwaka walizing'arisha, wakavaa kofia za enzi zao, wakashuka nazo kutoka kilima cha tangi la maji hadi sokoni. Baba yao ndiye aliyeongoza. Tangu alipofariki, hakuna aliyethubutu kukaa mbele. Walishuka wakiacha nafasi tupu barabarani, upana wa baiskeli moja, na watu wa kando ya njia waliinamisha vichwa nafasi hiyo ilipopita.

Siku moja mkubwa wa kundi, kinyozi mstaafu, aliwatembelea.

"Wanangu," alisema, "macho yetu yamechoka kuitazama nafasi ya baba yenu. Mwaka huu atakayeshuka kwa baiskeli ya nyumba hii, mbele ni pake. Asipopatikana, tutaifunga. Hatutaiacha tena."

Tingatinga akapiga kifua. "Mbele ni pangu, baba. Mimi ndiye kifungua mimba."

"Hewala, kaka," mshonaji akasema. "Chukua ya baba. Mimi nitachukua ya mama, nikufuate nyuma."

Mshonaji alianza kazi siku hiyo hiyo. Aliifungua baiskeli kipande kwa kipande. Mnyororo akauloweka kwenye mafuta ya taa, gololi akaziosha ndani ya kikombe kama mtu anayeosha meno ya mtoto, kiti akakishona upya kwa ngozi. Kila Tingatinga aliporudi safari, alimkuta amekaa pale pale kibarazani.

"Bado tu? We dada, hiyo ni baiskeli au maiti unaiosha?"

"Maiti haifufuki, kaka. Hii itafufuka."

Kilichomchekesha zaidi dereva ni ile sindano. Mdogo wake alikuwa amefunga sindano ya cherehani kwenye uma wa baiskeli, ncha yake ikikaribia kuigusa rimu, lile duara la chuma la gurudumu. Alilizungusha gurudumu taratibu. Mahali rimu ilipopinda, ncha ililia *ti!* Hapo alikaza spoku moja kidogo, akalegeza ya upande wa pili, kisha akalizungusha tena, sikio likiwa pale pale.

"Unaipima kama kiuno cha bibi harusi!" Tingatinga akaangua kicheko.

"Na wewe utaipimaje?"

"Kwa msuli!"

Alasiri moja aliingia uani akakuta baiskeli imepinduliwa, magurudumu juu, na la mbele linazunguka peke yake. Akaenda kuoga. Alipotoka, linazunguka. Akavaa, akala, akanywa maji, akarudi: bado linazunguka! Nzi alitua juu ya rimu, akazungushwa wee, akashuka akipepesuka kama mlevi. Wapo wasiosadiki habari ya nzi huyo, lakini Tingatinga huiapia hadi leo.

Hata hivyo, hakucheka. Spoku zilikuwa zimetoweka. Mahali pake palikuwa na duara la nuru, tulivu kama maji ya mtungini. *Ti* ilikuwa imekwisha. Hapakuwa na sauti yoyote. Katika ukimya huo akakumbuka kwamba utotoni hawakuwahi kumsikia baba yao akija. Walisikia kengele tu, na tayari yumo uani.

"Kumbe hizi baiskeli zina baraka zake," alinong'ona. "Ikiwa ya mama iko hivi, ya baba je?"

Basi akangoja baraka. Siku moja tu kabla ya msafara, aliitoa stoo ile ya baba, akaipaka rangi juu ya kutu, akaisugua kengele hadi ikamwonyesha uso wake. Kisha akachukua spana, akazikaza spoku zote kama nati za lori, mpaka zikalia *kiii*.

Mdogo wake akashika kichwa. "Kaka, umezidisha! Spoku huvutana kama ndugu. Mmoja akivuta kupita kiasi, nyumba yote inapinda. Niachie mimi, wazee tutawaomba wasogeze siku."

"Mimi nafunga magurudumu yanayobeba shehena ya ghala zima, utanifundisha hili la kubeba mtu mmoja?"

Asubuhi, juu ya kilima, Tingatinga alikaa mbele akimeremeta kama sahani mpya. Watu wakapiga vigelegele. Alishuka kwa mbwembwe hadi kwenye kona ya kwanza. Spoku ikakatika *pang!* Ya pili ikaifuata. Rimu ikajikunja kama jani kavu, gurudumu likagoma, na dereva akaruka juu ya usukani, moja kwa moja ndani ya michongoma. Kengele iling'oka, ikabingirika kilima kizima ikilia njia nzima, ikawa ya kwanza kufika sokoni.

Akiwa amelala kati ya miiba, Tingatinga aliinua macho. Mdogo wake alikuwa anakuja. Hakuikanyaga pedali, wala baiskeli haikutoa sauti. Spoku zilikuwa nuru tupu, na ile nafasi iliyokaa wazi miaka yote ilikuwa imejaa. Hata mbuzi wa kando ya njia waliacha kutafuna. Dereva alitokwa na machozi, na hayakuwa ya miiba.

Mshonaji akafunga breki. Msafara wote ukasimama nyuma yake.

"Panda, kaka."

"Wapi? Hapo kwenye karia?"

"Hapo hapo alipokuwa akikupakia baba."

"Itavunjika na uzito wangu!"

"Haivunjiki. Najua nilichokifanya."

Wazee walicheka hadi kofia zikawadondoka, lakini Tingatinga alipanda. Baiskeli ikaondoka. Alifumba macho, akasikiliza, asisikie kitu ila upepo, na kwa kitambo hakujua kama mgongo ulio mbele yake ni wa mdogo wake au wa baba yake.

Sokoni kinyozi aliwapokea akiwa na kengele mkononi. "Hii imewatangulia. Baiskeli ya marehemu iko wapi?"

Watu walimtazama Tingatinga wakingoja amlaumu fundi wa zamani, barabara, au shetani. Alichomoa mwiba shavuni.

"Iko kwenye michongoma, baba. Haijaundwa bado." Akamgeukia mdogo wake. "Kesho nitaileta kibarazani. Spana nitaiacha ndani ya lori. Nitafutie sindano."

Naye mshonaji akaipokea ile kengele, akaitia mfukoni kuitunza hadi baiskeli ya baba itakapokuwa tayari, kwa maana ukiona vyaelea, vimeundwa.