Salamu Zilizookoa Kisiwa cha Chandarue

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Palikuwa na kisiwa!
Nani akakitaka?
— Mwenye vingi!
Nani akakikalia?
— Wenyewe!

Haya, wenyewe, kaeni vizuri. Na mwenye vidole avikunjue, maana hadithi hii ina hesabu, nami sitaki mtu aniulize mwishoni jumla imetoka wapi.

Hapo zamani, na zamani hiyo naijua tarehe yake, ilikuwa mwaka wa mia tatu na kumi na saba tangu kisiwa cha Chandarue kijitawale, siku ya Jumanne. Alfajiri palinyesha manyunyu ya robo saa. Kisha jua likatoka, upepo ukatulia, angani yakabaki mawingu matatu. Mawingu hayo hayana kazi katika hadithi. Nimeyataja kwa sababu yalikuwapo.

Chandarue kilikuwa kisiwa kidogo. Ukiondoka kukizunguka kwa miguu, unarudi chai yako bado ina mvuke. Lakini kilikuwa na baraza lake, bendera yake, na Msemaji wake aliyechaguliwa na watu wake. Msemaji huyo aliitwa Bi Kidawa. Alikuwa mkunga mwenye umri wa miaka sabini na minane, na akicheka, kuku wa mtaa wa pili wanaruka.

Ng'ambo ya mkondo palikuwa na Bara Kuu, milki ya Mfalme Mwinyikombo. Alikuwa na wilaya arobaini na mbili. Alitaka arobaini na tatu. Ya arobaini na tatu ilikuwa Chandarue.

Mtaniuliza: mbona hakupeleka askari? Swali zuri. Alikuwa nao mia nane. Katika hao, mia sita walizaliwa mikononi mwa Bi Kidawa, kwa sababu wakunga wa kisiwa ndio waliokuwa wakiitwa Bara Kuu, tangu vibandani hadi kasrini. Mia sita hao walisema hawawezi kumnyanyulia mkono aliyewaosha. Mia mbili waliobaki walisema hawawezi kupigana na wale mia sita.

Basi Mfalme akaandika amri: siku itakayosomwa barazani Chandarue, mlango wa baraza utiwe kufuli, na ufunguo uende Bara Kuu. Ikisomwa, kisiwa kimekwisha. Isiposomwa, ni karatasi tu. Mmeshika hapo?

Sasa shikeni sheria mbili alizojitungia Mfalme mwenyewe, akazipenda kuliko pilau.

Ya kwanza: hapana mtu atakayezungumza jambo na serikali ya Mfalme kabla ya kuisalimu nyumba nzima ya Mfalme, mmoja mmoja, kwa jina.

Ya pili: mtu wa serikali ya Mfalme akilala kwenye nyumba ya mwingine, amekiri kwamba nyumba ni ya mwingine. Kwa hiyo asilale.

Siku hizo zilikuwa za bamvua, maji yakijaa sana na kupwa sana, na bamvua ya huko maji yakipwa, mkondo unavukika kwa miguu. Ukitoa muda wa kwenda na kurudi, mgeni anabakiwa na saa nne kisiwani. Saa nne ni dakika mia mbili na arobaini. Baada ya hapo maji yanajaa, na aliyebaki amebaki.

Akaja Waziri Mbaruku, suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi, amri kwapani. Akaketi barazani. Akaletewa kahawa. Akafungua karatasi.

"Kwa amri ya..."

"Taratibu, Waziri," akasema Bi Kidawa. "Sijaisalimu nyumba ya Mfalme. Unataka nivunje sheria mbele ya watu?"

Waziri akatabasamu. Huko bara watu walikuwa wakisema tu "nyumba nzima hawajambo?" wakapita. "Haya, salimu, Bi Kidawa."

"Bi Mwanakheri, mke mkubwa, hajambo?"

"Hajambo."

"Amelala vizuri?"

"Amelala."

"Anakula?"

"Anakula sana."

"Alhamdulillahi. Bi Msimu, mke wa pili, hajambo?"

Waziri akaacha kutabasamu.

Fanyeni hesabu nami. Wake tisa. Watoto sitini na mmoja. Wajukuu mia moja arobaini na wanane. Farasi kumi na wawili, maana Mfalme aliwaandika katika nyumba yake. Na kasuku mmoja. Jumla, mia mbili thelathini na moja. Kila mmoja maswali matatu, dakika moja na nusu. Itakwenda dakika mia tatu arobaini na sita na nusu, na mgeni ana mia mbili na arobaini.

Walipofika kwa mtu wa mia na sitini, mjukuu aitwaye Shaweji, mlinzi wa ufukoni akapiga kelele: "Maji hayooo!"

Waziri akatoka mbio, viatu mkononi. Kimoja kilianguka njiani. Kiko kisiwani hadi leo.

Siku ya pili Mfalme akamtuma Karani Sengo. Huyu alikuwa na ulimi mwepesi, neno la pili linatoka la kwanza halijatua. Akasema, "Uliza upesi, Bi Kidawa, nijibu upesi!"

"Bi Mwanakheri hajambo?"

"Hajambokalalaanakula!"

"Bi Msimu?"

"Hajambokalalaanakula!"

Dakika moja kwa kila mtu, wasikilizaji wangu! Mia mbili thelathini na moja kwa dakika mia mbili thelathini na moja. Wazee wa baraza wakaanza kutazamana. Wajukuu wakaisha. Farasi wakaisha.

"Kasuku hajambo?"

"Hajambokalalaanakula!"

Zimebaki dakika tisa. Kusoma amri ni dakika tano. Karani akasimama, akakunjua karatasi, akavuta pumzi. Mzee mmoja wa baraza alikuwa ameshaanza kuutazama mlango kama mtu anayeagana nao.

"Karani," akasema Bi Kidawa, "tumeacha mmoja."

"Hakuna! Nimewahesabu!"

"Umehesabu wa jana. Leo alfajiri, mtoto wa Bi Mwanakheri, binti wa kumi na nne wa Mfalme, amejifungua mtoto wa kike. Mpwa wangu ndiye aliyempokea, akavuka nyuma yako. Wewe ulikuwa mbele unakimbia, hukusikia habari."

"Vema, msalimu huyo, tumalize!"

"Jina lake nani?"

Karani akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Mtoto hupewa jina siku ya saba. Huyu alikuwa na saa tano duniani.

"Sheria ya Mfalme inasema kwa jina," akasema Bi Kidawa. "Mimi ni nani hata nimsalimu mjukuu wa Mfalme kama mtu asiye na kwao?"

Wakabishana hadi dakika tisa zikaisha.

"Maji hayooo!"

Karani akatoka mbio. Watu wakacheka hadi mzee yule akauegemea mlango na kuubusu.

Bamvua ikapita, yakaja maji mafu, yasiyopwa sana, mkondo haukuvukika. Siku kumi na tano baadaye, bamvua ya pili, akavuka Mfalme Mwinyikombo mwenyewe na mawaziri wake, amri mkononi. Akaingia barazani kwa kishindo, akamwona Bi Kidawa, na kabla hajajizuia mdomo ukamtoka:

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

Mawaziri wakatazama dari.

"Bi Kidawa, mimi ndimi mwenye nyumba. Salamu sizitaki."

"Sheria ni yako, Mfalme. Ukiivunja wewe, kesho nani ataishika?"

Mfalme akafikiri. Akaketi. "Uliza. Nimekuja mapema, nami najibu mwenyewe."

Wake tisa akawajibia upesi. Watoto saba akawajibia upesi. Wa nane ndipo alipokwama.

"Pandu hajambo?"

"Hajambo."

"Jino lake la mbele limeota?"

"Jino... lipi?"

"Lile aliloling'oa kwa uzi aliomfunga farasi wako Radi mkiani. Hukuambiwa?"

"Radi? Ndiyo maana alirudi peke yake?" Mfalme akashika mbavu. "Na Msellem?"

"Msellem ndiye anayemfundisha kasuku kuigiza kikohozi chako. Kasuku akikohoa, walinzi wote wanasimama wima."

"Nami nilidhani wananiheshimu!"

Akacheka. Akaomba kahawa. Akavua kilemba. Sasa hakuwa akijibu tena, alikuwa akiuliza: na Tatu je? Na yule mwenye matege? Na mimi, Bi Kidawa, nilizaliwaje?

"Wewe ulitanguliza miguu. Tangu siku hiyo hupendi kugeuzwa."

Mlinzi akapiga kelele: "Maji hayooo!" Waziri Mbaruku akamvuta Mfalme mkono mara ya kwanza. Akamvuta mara ya pili. Akamvuta mara ya tatu.

"Niache, bwana! Tumefika kwa mjukuu wa thelathini!"

Maji yakajaa. Salamu zikaendelea hadi wa mwisho, mtoto yule, ambaye sasa alikuwa na jina: Kidawa. Mfalme hakuwa na habari hiyo. Akamtazama Bi Kidawa, kisha akasinzia palepale alipokuwa. Wakamletea godoro.

Asubuhi akaamka, akanyoosha viungo, akakumbuka sheria yake ya pili. Mawaziri walikuwa wamejipanga, nyuso kama za watu waliofiwa.

"Nilalapo mimi ni kwangu," akajaribu Mfalme.

"Kama ni kwako," akasema Bi Kidawa, na sauti ilikuwa imemkauka, "Waziri na Karani walikimbia nini?"

Mfalme akamtazama Waziri. Waziri akatazama mguu wake uliopoteza kiatu. Kisha Mfalme akaichukua amri, ambayo hapana aliyeisoma, akaigeuza, na nyuma yake akaandika kwa mkono wake: *Nimelala ugenini. Nimelala vizuri.* Akatia muhuri.

Karatasi ile ikapigiliwa juu ya mlango wa baraza. Mlango haukutiwa kufuli.

Hadithi imevuka, imerudi na viatu vyake, ila kimoja. Mwenye kuuchukua uwongo wake na auchukue, mwenye kuuachia ukweli wake na auachie, mimi mizani yangu naifunga. Lakini kwanza, enyi wenye vidole: siku ya kwanza?

— Mia na sitini!

Siku ya pili?

— Mia mbili thelathini na moja!

Siku ya tatu, na mtoto akiwa na jina?

— Mia mbili thelathini na mbili!

Kisiwa kiligharimu nini, basi?

— Salamu mia sita ishirini na tatu.