Nyumba ya Nesi Ilipogeuzwa Ghala

Wapendwa, leo sitawachekesha. Kaeni vizuri, na wenye simu zizimeni.

Alikuwepo mkulima mmoja wa mahindi, bingwa wa kusema mikutanoni. Kijijini kwao mbolea ya ruzuku walikuwa wanaifuata mjini, wanashinda kwenye foleni, wanarudi mikono mitupu. Siku moja serikali ikasema: tafuteni ghala, tutawaletea mbolea hapo hapo. Ghala hawana. Lakini nyuma ya zahanati kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili, ina sakafu ya saruji, na ndani anaishi nesi, mkunga pekee wa kijiji kizima.

Mkulima wetu akasimama mkutanoni. "Nesi ni mmoja, sisi wakulima ni mamia. Atupishe!"

Nesi akasema, "Baba, vyumba vya kupanga hapa hakuna. Mkinitoa, itabidi niombe uhamisho. Na nikiondoka, wake zenu nani atawazalisha?"

"Kwani bibi zetu walizalishwa na nani?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakanyoosha mikono. Nesi akafunga virago.

Je, serikali ilileta mwingine? Thubutu! Kila mara mwenyekiti wa kijiji alipouliza wilayani, aliambiwa watumishi ni wachache, vuteni subira. Mbolea ilikuja na magari na wapiga picha. Nesi hakuja hata kwa miguu.

Basi mke wa yule mkulima akashikwa na uchungu, mchana kweupe. Wakampakia kwenye bodaboda hadi zahanati. Kufuli, tangu nesi aondoke. Wanawake wakamlaza barazani, wakamzungushia kanga. Mtoto akatoka, akalia. Lakini damu ya mama haikukata. Bwana akachanganyikiwa, akakimbilia ile nyumba ya nyuma, akaupiga mlango kwa ngumi. Akatoka mtunza ghala.

"Karibu, ndugu yangu. Umefuata mbolea yako?"

"Nataka nesi! Mke wangu anakufa!"

"Nesi? Si mlisema humu tuweke mbolea?"

Mama akafa pale pale barazani, gari la kukodi likiwa bado njiani.

Mnaguna? Guneni tu. Serikali ina lawama, na nitasema hata wakiniita: anayempa mkulima mbolea akamnyima mkunga, hajamsaidia mkulima huyo. Vyote viwili ni haki yetu! Lakini serikali ilisema tafuteni ghala, haikusema mtoeni nesi. Mbona hawakutoa ofisi ya kijiji? Mbona yule bwana, mwenye chumba kizima cha bati wanakolala kuku, hakukitoa? Walimtoa nesi kwa sababu ni mgeni, hana mjomba wala shangazi pale. Jamani, ndivyo tulivyo sisi! Wakubwa wakitupa kidogo, hatuwaulizi wao. Tunamgeukia asiye na mtetezi, tunamnyang'anya chake, halafu tunapiga makofi.

Na sasa niambieni: mahindi yale nani alikuwa akiyalima? Yule bwana? Yeye alijiandikisha ruzuku, akahutubia mkutano. Aliyeamka alfajiri na jembe begani na mimba tumboni, akapanda, akapalilia, akarudi na kuni kichwani, ni mkewe. Siku ile ya kunyoosha mikono hakuwepo mkutanoni. Alikuwa shambani. Wakulima mamia wakapiga kura ili mkulima asaidiwe, na mkulima mwenyewe wakamzika.

Inaniuma, wapendwa. Inaniuma kwa sababu hata hapa nikitazama upande huu naona mikono iliyopasuka kwa jembe, na nikitazama upande ule naona midomo iliyozoea mikutano. Alhamisi tuna mkutano wa kijiji. Akina mama, siku hiyo majembe yabaki nyumbani. Nendeni mkakae mbele, mseme mnataka mbolea na mnataka mkunga. Na mwanamume atakayewaambia rudini shambani, mleteni kwangu.