Karatasi ya Aikande

Wapendwa, kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha pili, Aikande. Shule nzima ilimjua. Wageni wakija, yeye ndiye wa kupokea mizigo. Akitafutwa wa kufuta ubao, mkono wake uko juu tayari.

Mwalimu wa darasa akataka kupima jinsi vijana wake wanavyosaidiana. Akawagawia karatasi, wasiandike majina yao, wajibu tu maswali matatu. Nani hukusaidia mbele za watu? Nani hukusaidia ukimwomba? Nani amewahi kukusaidia kimya kimya?

Jumla ya majibu ikabandikwa ukutani. Swali la kwanza, Aikande aliongoza. La tatu? Ndeshi, yule mpole wa dawati la nyuma, ametajwa mara thelathini na moja. Aikande, mara moja.

Roho ikamuuma. Mchana ule akanuna, hata chakula akakiacha. Mnacheka? Nyinyi hamjawahi kununa kwa sababu jirani kasifiwa?

Akamfuata mwalimu ofisini. "Mwalimu, umekosea kuhesabu. Ndeshi amefanya nini nisichofanya mimi?"

 Mwalimu akapekua karatasi, akampa ile moja iliyomtaja kwenye swali la tatu. "Soma."

"Aikande. Siku ya mtihani kalamu yangu iliisha wino, akanipa yake, yeye akaandika kwa penseli. Hakumwambia mtu."

Akautambua mwandiko. Ulikuwa wa Ndeshi.

Akakumbuka. Mwaka uliopita yeye Aikande alipovunjika mkono, Ndeshi ndiye aliyemchotea maji na kumfulia sare wiki tatu. Na kwenye swali lile la tatu, jina la Ndeshi lilimjia Aikande, akalibana. Akaacha wazi.

"Mwalimu, naomba karatasi yangu."

"Matokeo yameshatoka, mwanangu. Hayabadiliki."

"Najua, mwalimu. Naomba niandike tu."

Ndugu zangu, na sisi je? Tunajua vizuri nani kasifiwa kwenye kwaya, nani kachaguliwa mzee wa kanisa, na tunajua inavyotuchoma. Lakini yule anayetuchoma, alitutendea nini tusichowahi kukitamka? Mimi mchungaji wenu ninaye mmoja, na yumo humu ndani. Ibada ikiisha nitamfuata. Wa kwako pengine mmekaa benchi moja. Mgeukie sasa hivi, umwambie.