Ukuta wa Upande wa Mvua

Mwanamke mmoja alikuwa na nyumba ya tofali mbichi juu ya kilima, mahali ambapo mvua haianguki kutoka juu kama kwingine, bali huja imelala, ikisukumwa na upepo wa bondeni. Jina lake lilikuwa Melania. Mumewe alikuwa amefariki, watoto walikuwa bado wadogo, na ukuta mmoja wa nyumba ile, unaotazama bonde, ulikuwa unaliwa.

Mvua haikuuangusha. Ingeuangusha, angalau angejua la kufanya. Iliulamba tu, msimu baada ya msimu, kama mtoto anavyolamba sukari guru, hata tofali za chini zikawa nyembamba kuliko za juu na ukuta ukabaki umesimama kwa mazoea. Nyuma ya ukuta huo ndipo walipolala watoto. Kila mvua zilipoanza, Melania alikisogeza kitanda chao mbali kidogo na ukuta. Mwaka huo kitanda kilikuwa kimefika mlangoni, na hapakuwa tena na mahali pa kukisogezea.

Alichokuwa nacho ni kishamba cha mipaina, miti ya mbao aliyoipanda na mumewe mwaka walipooana. Miti hiyo hukatwa mara moja. Atakayengoja mingine ikomae atangoja mpaka wanawe nao wawe na wana. Kwa hiyo alikuwa na nafasi moja tu ya kuuvika ukuta wake, na alilijua hilo kama mama anavyojua chumvi iliyobaki kwenye kopo.

Kwanza ilibidi achague atauvika nini. Akazunguka kijijini akitazama kuta za watu kama wengine wanavyotazama vitenge sokoni. Aliona simenti iliyopigwa juu ya tofali mbichi. Mwaka wa kwanza ilipendeza, wa pili ilianza kubanduka vipande vipande kama ukoko wa ugali, maana simenti na udongo havikupatana. Aliona bati. Lilizuia maji vizuri, lakini wenyewe walisema mvua ikinyesha mtu hasikii hata anachonong'onezwa na mwenzake wa kitanda kimoja. Kisha akaona mbao zilizopangwa kwa kulaliana kama magamba ya samaki, kila wa juu umefunika bega la wa chini, na maji yanateremka mpaka ardhini bila kupata pa kuingilia. Akachagua mbao. Miti alikuwa nayo.

Lakini miti ile ingetoa mbao za ukuta mmoja, na hapo palikuwa na desturi. Katika kijiji kile, mtu akipata mbao huanza na ukuta unaotazama barabara. Wanauita uso wa nyumba. Ukipita pale ungesema ni kijiji cha matajiri, nyuso zote zimepakwa rangi, ilhali nyuma udongo unachuruzika.

"Uso kwanza, wifi," Yusta, dada wa marehemu mumewe, akamwambia. "Mgongo nani anauona?"

"Mvua inauona."

Yusta akacheka, akasema mvua haiji na zawadi kwenye harusi. Wakaachana kwa amani, kila mmoja na lake.

Kilichobaki ni fundi, na hilo ndilo lililomnyima Melania raha. Ubao mbaya unaweza kuuona kwa macho. Fundi mbaya humwoni mpaka ameshaondoka.

Wa kwanza aliitwa Ngailo. Alikuwa na simu iliyojaa picha za kuta, zote mpya, zote zinang'aa, na maneno yake yalikuwa matamu kuliko chai aliyokaribishwa. "Mama, wewe kazi yako ni kuchemsha maji tu," akasema. "Tukikata Jumatatu, Jumamosi ukuta umevaa suti." Melania akafurahi. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupenda kusikia kwamba jambo litakwisha Jumamosi. Akamwomba amsindikize shambani akaione miti.

Barabara ya kwenda shambani ni moja, imenyooka, inapita katikati ya kijiji. Lakini walipofika kwenye mashine ya kusaga, Ngailo akasema, "Tukate hapa, mama, ni karibu." Wakateremka mtoni, wakavuka kwenye mawe, wakapanda upande wa pili wakishika majani. Walipotokeza barabarani, hawakwenda mbali kabla fundi hajaona tena njia ya karibu, safari hii kupitia shamba la viazi la mtu. Walifika kwenye mipaina Melania akiwa na tope mpaka magotini. Alikuwa ameolewa katika kijiji kile na alizijua njia zake zote. Hakuna hata moja kati ya zile iliyokuwa karibu.

Fundi aliisifu miti, akaaga, akashika tena njia ya mtoni. Melania akarudi peke yake kwa barabara. Mahali walipoikwepa barabara mara ya kwanza palikuwa na nyumba yenye uso wa mbao zilizojikunja kama vipande vya muhogo vilivyoanikwa. Kati ya ubao na ubao ungeweza kupitisha mkono. Mzee mmoja alikuwa amekaa kizingitini anamenya viazi. Melania akamuuliza ni nani aliyemfanyia kazi ile.

"Ngailo," mzee akasema bila kuinua kichwa. "Ukimwona mwambie chai yake imepoa. Tunamngoja tangu mbao zilipoanza kukauka."

Mahali walipoikwepa barabara mara ya pili palikuwa na nyumba nyingine, na Melania hakuhitaji kuuliza.

Yusta alipopata habari akamtajia fundi mwingine, Tweve, mtu mkavu wa maneno, asiye na picha wala tabasamu la kumpa mteja. Melania hakumuuliza mengi. Alimwomba tu amsindikize shambani, kisha akatembea nyuma yake akiitazama miguu yake.

Tweve alishika barabara. Walipita mashine ya kusaga, na mtoni hakutazama. Lakini safari ilikuwa ndefu kwa sababu kila hatua chache palikuwa na mtu wa kumsimamisha. Huyu alimpa hindi la kuchoma, yule alimtaka aje kuutazama mlango unaogoma kufungwa. Walipokaribia nyumba ya mjane mmoja aitwaye mama Luvanda, sauti iliwafikia kabla hawajamwona mwenyewe.

"Wewe Tweve! Ule ubao wako umepasuka, mahindi yangu yanaloa. Au ulidhani humu tunafuga samaki?"

Tweve akaingia uani. Akachuchumaa mbele ya ukuta, akaupapasa ubao. "Msumari niliupiga karibu mno na ncha," akasema. "Kosa ni langu. Keshokutwa nitakuja na mwingine." Mama Luvanda akasema keshokutwa yenyewe ataiamini akiiona, akampa maji ya kunywa.

Melania akapiga hesabu. Kwa Ngailo alikuwa hajaonyeshwa kosa hata moja, ila tope. Kwa huyu ameonyeshwa kosa waziwazi, mchana, na mwenye kosa amekiri. Alikuwa na nafasi moja, na miti haioti upya kwa maneno ya kukiri. Kidogo ageuke arudi nyumbani. Badala yake, walipokuwa wamepita, akamwambia, "Fundi, ungeweza kunipitisha njia ya mtoni, nisingeyajua haya."

Tweve akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula kwa mdomo.

"Barabara ni hii moja, mama. Nikikwepa nyumba moja leo na nyingine kesho, uzeeni nitapita wapi?"

Baada ya siku ile ya ahadi Melania alikwenda kwa mama Luvanda, kwa kisingizio cha kuomba mbegu. Ukutani palikuwa na ubao mpya, mweupe kati ya wenzake. Mama Luvanda alikuwa anamlalamikia Tweve kwa jambo lingine kabisa. Melania akachukua mbegu, akaenda kumwambia Tweve akate miti.

Miti ikakatwa, ikapasuliwa. Tweve hakugusa msumari. Alizipanga mbao chini ya upenu wa nyumba, kila mmoja umetenganishwa na mwenzake kwa vijiti, akasema zikae hapo mpaka zikauke, kwa sababu ubao mbichi ukipigiliwa hukaukia ukutani, na ukikaukia ukutani hujikunja na kuachia nyufa. Kisha akaondoka. Kiangazi kilikuwa kinayoyoma. Wingu la kwanza lilijitokeza juu ya bonde, na watoto walikuwa bado wanalala mlangoni. Yusta akaja, akazitazama mbao zilizolala, akauliza kama ukuta utavikwa msimu huu au watoto watavikwa mbao hizo wenyewe. Melania akaendelea kuchambua maharage. Alikuwa na hofu, lakini alijua kwamba fundi yule, akitaka kwenda popote duniani, ni lazima apite mbele ya mlango wake.

Akaja. Aliinua ubao mmoja, akaupima uzito kwa mikono, akatikisa kichwa kukubali. Akaanza chini, akapanda juu, kila ubao ukalalia bega la mwenzake, na misumari akaipiga mbali na ncha. Upande wa barabara nyumba ilibaki udongo mtupu.

Mvua zikaja zimelala kama kawaida yake, zikaupiga ukuta usiku kucha. Asubuhi Melania akauweka mkono ukutani kwa ndani. Ukuta ulikuwa mkavu kama unga. Akakishika kitanda cha watoto, akakisukuma kutoka mlangoni mpaka mahali pake pa zamani. Watoto wakalalamika kwamba sasa wako mbali na jiko. Akawaambia wavae masweta, akaenda kuwasha moto.

Yusta alipopita na mwavuli wake akasema, "Wifi, nyumba yako bado haina uso."

"Ina mgongo," Melania akasema. "Karibu ndani, unalowa."

Wakaketi, wakanywa chai, wala hapakuwa na tone lililoanguka katikati yao.

Mwaka uliofuata ubao mmoja wa chini ulipinda. Haikuwa kazi kumtafuta fundi. Melania alisimama mlangoni, Tweve alipokuwa anapita barabarani akamwita, naye akaingia kuutazama.

Hakuna kati yetu ambaye hajawahi kupiga msumari kwenye ukuta wa mtu, na hakuna ambaye misumari yake yote imekaa sawa. Basi wewe, unapotembea kijijini kwenu, ni mlango wa nani unaokufanya ushike njia ya mtoni?