Lori Lililosukasuka Maziwa

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, huyo wa nyuma hajaitikia!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, malori yalipokuwa bado yanawaogopa ng'ombe, palikuwa na bwana mmoja mfupi, Matiku. Mfupi kwelikweli. Alitaka kumwoa Robi, binti wa Mzee Wambura wa ng'ambo ya bonde. Ili mkwe amwone mrefu, akalitia lori lake springi ndefu. Likapanda juu, juu, juu! Tena kwa mkwe hakushuka garini. Salamu zote alizitoa dirishani.

Mzee Wambura akasema, "Niletee vibuyu kumi vya maziwa mabichi."

Matiku akapakia, akaondoka. Gudu-gudu-gudu! Lori likatetemeka, meno yakagongana, kofia ikahamia kiti cha pili. Kufika, kufungua vibuyu: siagi! Akarudia siku ya pili. Gudu-gudu-gudu! Siagi!

"Ukileta siagi tena," Mzee Wambura akafoka, "binti haolewi!"

Masikini Matiku, alilia kwa kwikwi. Akabadilisha matairi. Gudu-gudu. Akasafisha injini. Gudu-gudu. Akalibembeleza lori kwa jina la Robi. Gudu-gudu!

Ndipo akamwendea Bibi Nyangi, msukaji maziwa wa kijiji, ambaye tunamkumbuka mpaka leo. Hata baiskeli hakuwahi kuendesha.

"Weka kibuyu kimoja mbele, kimoja nyuma," Bibi akasema. "Washa, usiondoke."

Ngrrr! Bibi akafungua: maziwa, na maziwa.

"Haya, ondoka."

Gudu-gudu-gudu!

"Toa gia, liache liserereke lenyewe."

Gudu-gudu-gudu, vilevile! Bibi akafungua. Cha mbele maziwa. Cha nyuma siagi.

"Injini uiombe radhi," Bibi akasema. "Anayesukasuka yuko nyuma, tena chini."

Akawaita dada zake saba, wanene wa kushiba, wakapanda nyuma. Lori likasema nguuu, likadidimia. Matiku akaliondoa. Kimya! Maziwa yakabaki maziwa.

Bibi akajifunga shuka, akaingia uvunguni, akamvuta Matiku mguu.

"Unaiona hii propela, mti huu wa chuma? Ndiyo inayozungusha magurudumu ya nyuma. Ulipoliinua lori, viungo vyake vilipinda mno, sasa inazunguka ikirukaruka. Dada zangu wakikaa, inanyooka. Toa hizo springi."

"Bibi, nitaonekana mfupi!"

"Mjukuu wangu, wewe ni mfupi."

"Basi niazime hao dada."

"Wana waume zao. Chagua, springi au Robi!"

Matiku akazitoa springi ndefu, akarudisha za kwanza, huku midomo imemvimba. Akapakia vibuyu kumi, akavuka bonde. Kimya. Moyo wake tu ndio uliokwenda gudu-gudu.

Akashuka, akasimama chini kwa miguu yake mwenyewe. Mzee Wambura akaonja. Akaonja tena.

"Maziwa! Lakini yule dereva mrefu wa siagi yuko wapi?"

Matiku akavua kofia. "Nimemfukuza, baba."

"Umefanya vizuri. Yule sikumpenda hata kidogo. Robi! Njoo umwone mumeo!"

Robi, aliyemjua Matiku na ufupi wake tangu zamani, akacheka mpaka akakaa chini.

Basi nyie mnaonisikiliza, mkiinua lori chungulieni uvunguni kwanza, na mkienda kuposa nendeni na kimo chenu. Hadithi yangu imefika kwa wenyewe, na mimi nazima injini.