Kigoda Kilichoota Mizizi

Sogeeni, wasikivu wangu. Atakayesinzia nitamwachia zimwi.

Kulikuwa na mji uliotawaliwa kwa kigoda kimoja. Kila baada ya mavuno kilihamia nyumba nyingine, hata ya maskini. Mwaka mmoja fisi wakaanza kula watoto. Zimwi likaja, likasema, "Nipeni kigoda msimu mmoja tu, nitawafukuza fisi hao." Watu wakakubali, na kweli likawafukuza.

Mavuno yakafika. Likasema, "Fisi bado wako karibu. Niongezeeni msimu." Watu wakapiga makofi, kigoda kikaota mzizi. Mavuno ya pili wakapiga tena, mizizi ikapita chini ya nyumba zao. Mavuno ya tatu mwanamke mmoja, Bi Mboni, hakupiga. Zimwi likammeza mchana kweupe, na majirani wakazidi kupiga.

Mwishowe wakachoka. Wakakishika kigoda wote pamoja, wakaking'oa. Zimwi likaanguka likafa, na nyumba zote zikaanguka nalo.

Mvua ikawanyeshea. Fisi wakalia kwa mbali.

"Sasa nani atatulinda?" wakaulizana.

Shekuwe, mume wa marehemu Bi Mboni, akakifuta kigoda matope, akakikalia.

"Msimu mmoja tu," akasema.

Wakapiga makofi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nawaomba, mimi msinipigie.