Bi Pimbi Alivyomwahi Mdoezi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi hizo viboko wakivaa kanzu na kutembelea watu, palikuwa na Mzee Kiboko. Tumbo lake lilikuwa likifika mlangoni kwanza, mwenyewe akafuata baadaye. Alikuwa mdoezi huyo! Akisikia chungu chako kinatokota, hakawii: "Hodi!" Na mgeni hafukuzwi. Kwa Kobe alilamba mpaka mwiko.

Siku moja Bi Pimbi, kimwili hicho kama ngumi, alikuwa ameinjika kunde zake za mwisho. Mvua bado, ghala tupu, na watoto wamelizunguka jiko wanameza mate. Mara, puu! Chiriku akatua uani.

"Shoga, umekwisha! Kiboko anapiga pasi kanzu. Kasema leo zamu yako!"

Mume wa Bi Pimbi akaruka. "Tufunge mlango!"

"Mlango huu? Akipiga chafya tu, twaa, umelala chini!"

Bi Pimbi akazitazama kunde, akawatazama watoto. Kisha akajitupia ushungi.

"Baba Watoto, wewe kaa na chungu. Watoto, twendeni!"

"Wapi, mama?"

"Kwa Kiboko. Kabla hajafunga kifungo cha mwisho."

"Hodiii!" Bi Pimbi akaita mlangoni kwa Kiboko.

Kiboko akatokeza, mkono mmoja kwenye kanzu, mwingine nje. "Ka... karibuni. Ila mimi nilikuwa natoka."

"Toka tu, shemeji! Sisi hatuna haraka. Tutakungoja humu humu ndani."

Watoto walikwisha kuingia. Nusa huku, nusa kule.

"Mama, mbona mvunguni kunanukia ndizi mbivu?"

Lahaula! Kiboko, ambaye kila siku huapa kwamba kwake hakuna hata ganda, akajibwaga kitandani, kwaaa! Akitoka, mkungu wote utakwenda. Akikaa, atapoteza chana moja. Akakaa. Akaitoa chana huku akiguna, nguuu! Watoto wakaishambulia.

Jua lilipopoa Bi Pimbi akaaga. Macho ya Kiboko yakang'aa ghafla.

"Mgeni husindikizwa! Nitawafikisha mpaka kwenu. Mpaka jikoni!"

Roho ilimruka Bi Pimbi, lakini ulimi uliwahi. "Ahsante, shemeji, una utu! Basi hawa wadogo nakuachia, wakulindie mvungu mpaka urudi."

Kiboko akautazama mvungu. Akawatazama wadogo, wanalamba vidole.

"Njia si mnaijua?" akasema. "Kwaherini."

Nyumbani kunde zilikuwa zimeiva, laini kama siagi. Kabla ya kula, Bi Pimbi akajaza bakuli moja, akampa mumewe.

"Mpelekee mzee wa watu."

"Yule yule?"

"Huyo huyo. Tena kimbia, kabla hajakumbuka kuja."

Basi wanangu, shari ikianza kuvaa viatu, wewe uwe umekwisha kupiga hodi kwake.